Sura ya Sita: Mdudu Asiyejua Kuogelea

Ingia hadi magotini katika mto Madison, jimbo la Montana, pale maji yanapopita kwa kishindo juu ya mawe, kisha inua jiwe moja na kuligeuza. Kama mto una afya utamkuta kang'ang'ania upande wa chini: mdudu mweusi anayeelekea kahawia, miguu sita imetanuka, vipapasio viwili mbele, mikia miwili nyuma. Huyo ni tunutu wa nzi-mawe, mdudu mchanga ambaye bado hajaota mabawa. Mkubwa kuliko nzi-mawe wote wa mto huo, Pteronarcys californica kwa jina la kisayansi, hufikia urefu wa sentimita 5. Wengi wanaomshika kwa mara ya kwanza humwangusha. Hawana sababu: hana sumu, na chakula chake ni majani yaliyoangukia mtoni yakaoza. Samaki aitwaye trauti hana woga huo hata kidogo.

Mambo mawili ya mdudu huyu yanatosha kumfundisha mtu kuvua. La kwanza ni umri wake. Hukaa majini miaka 3, mara nyingi hata 4, akijivua gamba kila anapokua, na siku zake akiwa na mabawa hazizidi wiki chache. Maana yake ni kwamba siku yoyote ya mwaka, hata theluji ikiwa imetanda ukingoni, chini ya mawe kuna wa mwaka jana, wa mwaka juzi na wa mwaka uliotangulia, wote pamoja, kila rika na ukubwa wake. Wadudu wengine wa mtoni wana msimu. Wakishapanda na kuruka, samaki huwasahau. Tunutu wa nzi-mawe yupo sokoni mwaka mzima. Binamu yake wa rangi ya dhahabu, ambaye ni mdogo kidogo na hula wadudu wenzake badala ya majani, naye hukaa majini miaka 2 au 3.

La pili ni kwamba hajui kuogelea. Anatambaa. Akiteleza jiweni, au akiachia makusudi nyakati za alfajiri na magharibi ili abebwe kwenye malisho mapya, huwa hana la kufanya ila kujikunja au kutanua miguu na kungoja mkondo umfikishe kwenye jiwe jingine. Hana mbio wala ujanja wa kukwepa. Trauti aliyejificha nyuma ya jiwe hahitaji kufukuza kitu. Hufungua mdomo tu. Mvuvi anayevuta chambo chake cha bandia kwa mishtuko, akidhani anakipa uhai, anamwonyesha samaki tunutu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Kwa nini basi anapenda maji yenye kasi kama hawezi kuyamudu? Kwa sababu ya pumzi. Matamvua yake yako chini ya kifua, karibu na mashina ya miguu, na yanahitaji maji baridi yenye oksijeni nyingi. Mkondo ukipungua nguvu utamwona akiinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, kama askari aliyepewa adhabu ya pushapu, ili maji yapite kwenye matamvua. Maji yakipata joto au uchafu, yeye ni wa kwanza kufa. Ndiyo maana wanaopima afya ya mito huanza kwa kugeuza mawe na kumtafuta. Ili usimchanganye na tunutu wa jamii ya efemera, ambaye pia hujificha chini ya mawe, tazama miguu: wa nzi-mawe ana kucha mbili kila mguu, yule mwingine ana moja. Mikia pia husaidia, maana efemera wengi wana mitatu.

Mji wa Butte, Montana, unaijua habari hii kwa uchungu. Butte ulijengwa juu ya shaba. Taka za migodi na za vinu vya kuyeyushia madini ziliingia katika kijito cha Silver Bow, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kijito hicho hakikuwa na samaki. Mafuriko ya mwaka 1908 yalizizoa taka hizo na kuzishusha mto Clark Fork mpaka kwenye bwawa la Milltown, karibu na Missoula, ambalo lilikuwa limekamilika mwaka huohuo. Zilikaa hapo miaka 100. Mtu wa Butte aliyetaka kuvua alivuka mgongo wa milima hadi upande wa pili, kwenye mto Big Hole, ambao ndio pia ulioleta maji ya kunywa mjini kwa pampu.

Huko ndiko alikovulia George Grant. Alizaliwa Butte mwaka 1906 na akafa mwaka 2008, kwa hiyo aliishi umri wa kuona karibu kila kitu nilichokitaja. Grant alirithi kazi iliyoanzishwa na Franz Pott, fundi wa nywele za bandia wa Missoula, ambaye alichukua ufundi wake wa wigi na kuuhamishia kwenye vyambo: alisuka nywele za wanyama kwa nyuzi badala ya kuzungusha manyoya ya jogoo kama walivyofanya wengine. Nywele hunyooka majini, manyoya ya jogoo hulala. Grant akavumbua njia yake mwenyewe ya kuzisuka na mwaka 1939 akapewa hataza. Kisha akaendelea mbele. Aliona kwamba tunutu halisi ni bapa, si mviringo, akaanza kufunga pini ubavuni mwa ndoana, moja kila upande, na kuzifunika kwa ukanda bapa wa nailoni ulio mwangavu, ili rangi ya chini ionekane kwa mbali kama inavyoonekana kwenye gamba la mdudu mwenyewe. Chambo chake kiitwacho Black Creeper ukikiweka kando ya tunutu aliyekufa, itabidi uangalie mara mbili.

Wakati Grant akisuka Butte, kusini yake katika mji mdogo wa West Yellowstone alihamia meja mstaafu wa jeshi la anga, Charles Brooks. Brooks hakuwa na subira ya kusuka. Alivaa miwani ya kuzamia, akaingia mtoni na kulala chini kutazama vyambo vinavyopita. Aliyoyaona aliyaandika katika vitabu vyake, kikiwemo Nymph Fishing for Larger Trout cha mwaka 1976. Tunutu halisi, asema, akibebwa na mkondo haviringiki. Mgongo hubaki juu. Chambo chenye mgongo wa rangi moja na tumbo la rangi nyingine huviringishwa na maji, na samaki anaona mgongo, tumbo, mgongo, tumbo. Brooks aliona trauti wakisogea kukitazama kisha wakageuka. Kwa hiyo akafunga vyambo vyenye sura moja pande zote: mwili mweusi wa mviringo, nyuzi za sufu na manyoya vikizungushwa kifuani, basi. Vikiviringika hakuna tofauti.

Wavuvi wa Montana walibishana miaka mingi: bapa au mviringo? Nami nina upande wangu. Katika ufundi Grant hana mpinzani, na kazi zake leo zimo ndani ya fremu za vioo za watu wanaokusanya vitu vya thamani. Lakini hapo ndipo penye tatizo. Chambo kilichochukua saa nzima kufungwa mtu hawezi kukitupa kwa moyo mmoja katikati ya mawe. Atakirusha kwa woga, atakipitisha juu kidogo, pale pasipo na hatari, na pasipo na samaki pia. Brooks alikuwa karibu zaidi na ukweli wa mto. Walio karibu zaidi kuliko wote ni wale ambao hakuna aliyewawekea fremu, waliochukua nyuzi za mpira kutoka kwenye mikanda ya wanawake ya kubana kiuno na kuzifunga ubavuni mwa ndoana ziwe miguu. Chambo hicho, Girdle Bug, hakifanani na mdudu yeyote ukikiweka mezani. Majini ile mipira inatetemeka kwa msukumo mdogo kabisa wa maji, na mtetemo huo ndio trauti anaoutambua. Mjukuu wake ni Pat's Rubber Legs, kilichopewa jina la Pat Bennett, mwongoza wavuvi wa Idaho. Ndicho nitakachokufundisha hapa.

Chukua ndoana yenye shina refu, namba 6. (Namba za ndoana huenda kinyume: inavyokuwa kubwa namba ndivyo ndoana inavyokuwa ndogo.) Ibane kwenye jiliwa na uivike uzi mweusi ulio imara kuanzia karibu na tundu hadi mahali shina linapoanza kupinda. Sasa zungusha waya wa risasi katikati ya shina, ukiacha nafasi ya milimita tatu au nne nyuma ya tundu. Wanaoanza huisahau nafasi hii, kisha hukosa mahali pa kufunga vipapasio na fundo la mwisho. Usiogope kujaza. Risasi ndiyo roho ya chambo hiki, na ikiwa kuna jambo moja ambalo mafundi wa madukani hulifanyia ubahili ni hilo. Pitisha uzi juu ya waya mara kadhaa, tia tone la gundi ya haraka, acha ikauke. La sivyo mwili mzima utazunguka kwenye shina baada ya samaki wa kwanza.

Ukitaka kumpa Grant heshima yake, badala ya kuzungusha waya kata vipande viwili na uvilaze ubavuni, kimoja kila upande. Utapata mwili bapa bila pini na bila kusuka. Mimi sioni kama samaki anajali, ila mkono hufurahi.

Mkia ni uzi mmoja wa mpira uliokunjwa katikati na kufungwa pale shina linapoanza kupinda, ncha mbili zikiachana. Funga hapohapo shenili, ule uzi mnene wenye vinyweleo. Iliyo bora ni yenye madoa ya nyeusi na kahawia, maana tunutu si mweusi mtupu ukimtazama kwa makini. Rudisha uzi mbele. Katika theluthi mbili za mbele funga jozi tatu za miguu: laza mpira juu ya shina kwa kukingama, pitisha uzi mshazari huku, kisha mshazari huku, mpaka ukae wima ubavuni. Miguu isizidi nusu ya urefu wa shina. Mirefu mno hujizungusha kwenye ncha ya ndoana, na mifupi mno haitetemeki. Kisha zungusha shenili kuelekea mbele, ukiipitisha kati ya miguu na si juu yake, mzunguko mmoja au miwili kila nafasi. Funga ncha mbili za mpira mbele kuwa vipapasio, piga fundo la kumalizia, tia gundi. Mkono ukizoea, kazi hii ni ya dakika chache, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Funga pia vichache vya rangi ya krimu. Tunutu akimaliza kujivua gamba huwa mweupe na laini kwa muda, na trauti huwatafuta hao kuliko wengine. Ni siri inayojulikana na watu wengi na kutumiwa na wachache.

Sasa mtoni. Kosa linaloonekana kila Juni kwenye Big Hole na Madison ni mvuvi aliyeingia maji ya kiunoni na kurusha mshipi kuelekea katikati, huku samaki mkubwa yuko mita moja kutoka ukingo aliouacha nyuma yake. Maji yanapofikia nyuzi joto 10 hadi 13 hivi, matunutu waliokomaa huacha katikati na kutambaa kwenda kandokando, kwa sababu hawapandi juu kupitia majini kama wadudu wengine. Hutoka kwa miguu. Hupanda mawe na mierebi ya ukingoni, gamba hupasuka mgongoni, na nzi mwenye tumbo la rangi ya chungwa hutoka akiacha ganda tupu limeshika jani. Kwenye Big Hole jambo hili hutokea kwa kawaida katikati ya Juni, kwenye Madison mwishoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Julai, na kila siku hupanda mto kidogo kufuata joto. Wageni hupanga safari ili waione siku hiyo ya mabawa. Wenyeji wanajua kwamba wiki mbili kabla yake ndizo bora, wakati matunutu wanahamia ukingoni na trauti wanawafuata. Kwa hiyo simama nje ya maji, au usizidi vifundo vya miguu, na uvue kwanza mahali ulipotaka kukanyaga.

Rusha kuelekea juu ya mkondo, acha chambo kizame kabla hakijafika usawa wako, kisha kifuate kwa ufito ulioinuliwa, mshipi usigusane na maji zaidi ya inavyolazimu. Brooks alitumia mshipi mzito unaozama wenyewe na uzi mfupi wa nailoni mbele yake. Siku hizi wengi hutumia boya dogo, na umbali kutoka boya hadi chambo uwe mara moja na nusu ya kina cha maji. Boya likisimama kwa kitambo, likisita, likienda polepole kuliko povu lililo kando yake, inua ufito. Mara nyingi litakuwa jiwe. Inua tu. Trauti hukitema chambo upesi mno kwa mtu anayesubiri uhakika.

Wengi huongeza chambo cha pili kidogo, tunutu wa efemera namba 16, kwa uzi wa sentimita 40 nyuma ya kile kikubwa. Nikiwa mkweli, katika miezi mingine isipokuwa Mei na Juni samaki wengi hushika kile kidogo, na tunutu wetu anabaki kufanya kazi ya chubwi. Si aibu kwake. Bila yeye kile kidogo kisingefika chini.

Na hapo chini utapoteza vyambo. Mawe yatavikamata, magogo yatavikata. Mvuvi anayerudi jioni na vyambo vyote alivyotoka navyo amevua mita moja juu ya vichwa vya samaki siku nzima. Hii ndiyo hoja yangu dhidi ya fremu za vioo, na ndiyo sababu ya kufunga dazeni tatu za kitu rahisi badala ya kimoja cha kupendeza. Lakini risasi inayobaki mtoni ni sumu, na ndani ya hifadhi ya Yellowstone imepigwa marufuku kwa wavuvi. Waya wa tangsteni au wa bati hufanya kazi ileile kwa bei kubwa kidogo. Ulipe.

Grant mwenyewe, nadhani, asingekasirika kwa maneno haya, kwa sababu alipozeeka alitumia nguvu zake kwa mto kuliko kwa vyambo. Miaka ya 1960 serikali ilipotaka kujenga bwawa la Reichle kwenye Big Hole, alikuwa miongoni mwa waliolipinga, na bwawa halikujengwa. Hilo lina uzito kuliko mjadala wote wa bapa na mviringo. Bwawa lingetuliza maji, matope yangejaza nafasi zilizo chini ya mawe, na mdudu asiyeweza kuishi bila mkondo angekwisha. Katika mto Logan, jimbo la Utah, Pteronarcys alitoweka katika karne ya 20. Clark Fork, kwa upande mwingine, umeanza kupumua: bwawa la Milltown lilibomolewa mwaka 2008, na shehena kubwa za taka za shaba zikaondolewa kwa treni.

Msomaji wa Nyeri au Nanyuki atauliza kama haya yanamhusu. Yanamhusu, kwa kipimo kingine. Trauti si mwenyeji wa Kenya. Ewart Grogan alimleta kutoka Uskoti na kumwachia kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905. Lakini nzi-mawe ni mwenyeji. Mito ya milimani ya Afrika Mashariki ina matunutu wa jenasi ya Neoperla, wala nyama kama yule wa dhahabu wa Montana, ila hawafikii hata nusu ya urefu wa Pteronarcys. Ndoana namba 6 huko itawatisha samaki bure. Geuzeni mawe machache kwanza, mtazame rangi na ukubwa, kisha myarudishe kama mlivyoyakuta. Fungeni vya namba 12 na 14, shenili nyembamba ya kahawia inayoelekea manjano, miguu miwili kila upande inatosha. Uzito usipungue, na msione uchungu vikibaki mtoni.